MASHINE IKIJA SHAMBANI, TUIPIGIE HESABU MPAKA MWISHO



Maswali yanayoletwa ofisini kwetu siku hizi yamebadilika. Zamani mtu alifika kuuliza habari za mbegu, mbolea na dawa ya kahawa. Sasa wengi huuliza bei ya mashine: ya kupalilia, ya kukamulia, ya kukatia majani ya ng'ombe, hata ya kuchumia kahawa. Maswali hayo ni mazuri, maana mkulima asiyeuliza halimi zaidi ya alivyolima babake. Lakini liko swali moja ambalo karibu hakuna anayeliuliza, nalo ndilo nataka kulileta mbele yenu mwezi huu. Mashine ikifanya kazi ya watu wanne, ule mshahara wa watu wanne huenda wapi?

Neno hili latuhusu sisi wa Mugutha pande mbili. Kwanza, kila mwenye eka zake chache huajiri vibarua wakati wa palizi na wakati wa kuchuma. Pili, watoto wetu wenyewe ni vibarua wa watu wengine katika mashamba makubwa ya kahawa ya Ruiru na viwanda vya Thika. Basi mtu yule yule aweza kuisifu mashine siku ya Jumatatu kwa kuwa imempunguzia gharama shambani, kisha akailaani siku ya Jumanne kwa kuwa mwanawe amerudishwa nyumbani. Hii ni kupima kwa mizani mbili. Yatupasa tuwe na mizani moja.

Hata karani hakuachwa nyuma katika jambo hili. Tangu wakulima walipoandikishwa upya mwaka 2023 na majina yao kutiwa katika kompyuta, habari za mbolea ya bei nafuu humfikia mkulima kwa simu yake, na kazi ya kunakili majina kwa mkono imepungua sana. Kwa hiyo nisemayo hapa chini nayasema kama mtu aliyemo katika mtumbwi mmoja nanyi.

YALIYOTOKEA KERICHO

Tuanze na mahali ambapo jambo hili limekwisha kuonekana wazi. Katika mashamba makubwa ya chai ya Kericho, makampuni yalianza kutumia mashine za kuchumia miaka mingi iliyopita. Mwaka 2010 wafanyakazi waligoma kwa sababu yake. Mwaka 2023 mjumbe wa kamati iliyoundwa katika kaunti ya Kericho alisema kwamba kazi zipatazo 30,000 zilikuwa zimepotea kaunti hiyo katika muda wa miaka kumi kwa ajili ya mashine. Mwezi wa Machi mwaka huo kamati yenyewe ilishauri makampuni yasizidishe uchumaji wa mashine kupita sehemu 60 katika kila 100, na sehemu 40 ziachiwe mikono. Miezi miwili baadaye, Mei 2023, watu wenye hasira waliingia mashambani wakateketeza mashine kadhaa kwa moto.

Kuchoma mali si njia, wala hakuleti kibarua hata kimoja. Lakini tusilitupe jambo kwa neno hilo tu. Hebu tutazame hesabu ya kampuni. Ilielezwa wakati ule kwamba kuchuma kilo moja ya majani kwa mkono kuligharimu kama senti 11 za dola, na kwa mashine kama senti 3. Mashine moja iliweza kufanya kazi ya watu wapatao 100. Chai ya Kenya huuzwa katika mnada wa Mombasa, ikishindana na chai ya nchi nyingine, na mnunuzi haulizi kama iliyochumwa kwa mkono imelisha watoto wangapi. Mwenye kampuni aonaye tofauti ya senti 11 na senti 3 hana haja ya kuwa mtu mbaya ili anunue mashine. Yatosha awe anajua kutoa na kujumlisha.

Sasa tutazame upande wa pili. Mchumaji wa chai alipokea ujira wake Kericho na kuutumia Kericho. Alinunua unga dukani, akalipa fundi cherehani, akalipa karo, akanunua maziwa kwa mkulima mdogo aliye jirani na shamba la chai. Ujira ule ulipokoma, haikuwa nyumba ya mchumaji peke yake iliyopata njaa. Dirisha la duka nalo lilifungwa mapema. Na zile senti 8 zilizookolewa katika kila kilo hazikubaki mjini. Zilikwenda kwa mwenye mashine, kwa mwenye mafuta na kwa mwenye kampuni. Huo ndio moyo wa ugomvi wa Kericho: faida ilipatikana mahali pamoja na hasara ikaangukia mahali pengine.

KUIKATAA SI DAWA

Wako watakaosema, "Basi tusiingize mashine kabisa." Wazee wenye kumbukumbu watawajibu kwa mfano wa mkonge. Tanganyika ilitoa tani zipatazo 230,000 za mkonge mwaka 1964, na upande wetu huu wa Juja na Thika nao ulikuwa na mashamba ya mkonge. Kisha viwanda vya ng'ambo vikaanza kutengeneza kamba za plastiki kwa bei ndogo. Kufika miaka ya 1990 mkonge wa Tanzania ulikuwa umeanguka chini ya tani 40,000 kwa mwaka. Sababu zilikuwa zaidi ya moja, lakini ile kamba ya plastiki ilikuwa kubwa miongoni mwao. Watu waliokosa kazi Tanga hawakuwahi kuiona mashine iliyowaondoa. Ilikuwa ng'ambo ya bahari, na hapakuwa na mtu wa kuisimamisha langoni.

Kwa hiyo aliyefunga mlango wake asidhani yu salama. Akaaye bila mashine aweza kuondolewa na mashine ya mtu mwingine. Shabaha yetu iwe kuchagua: mashine ipi, kwa kazi ipi, na iwe ya nani.

KAHAWA YETU NA KAHAWA YA BRAZIL

Juu ya mashine ya kuchumia kahawa nitasema waziwazi: kwa mashamba yetu, sioni kwamba wakati wake umefika. Brazil, inayotoa karibu theluthi moja ya kahawa yote ya dunia, ilianza kuuza mashine za namna hiyo mwaka 1979. Huko yako mashamba mapana yaliyo tambarare, na kiangazi chao huifanya miti ichanue na kuiva karibu pamoja. Mashine hupita juu ya mstari, hutikisa matawi, na sehemu kubwa ya matunda huanguka yakiwa tayari.

Hapa kwetu mvua huja mara mbili kwa mwaka, na maua huja zaidi ya mara moja. Tazama tawi moja la kahawa yako: utaona ua, tunda bichi na tunda jekundu yamekaa pamoja. Mashine haijui kuchagua kama mkono wa mama aliyezoea. Ikilitikisa tawi hilo, itaangusha mabichi pamoja na mabivu, na mabichi yakifika kiwandani hayataleta bei nzuri. Tena chai huchumwa karibu mwaka mzima, kwa hiyo mashine ya chai hupata kazi karibu kila siku. Kahawa huchumwa kwa msimu, kisha mashine hulala ghalani huku deni lake likiwa macho.

Bei ya kahawa ya Kenya husimama juu ya tunda jekundu. Kama kuna mahali ambapo mkulima mdogo hapaswi kubana mkono, ni hapo. Wengi wetu humlipa mchumaji kwa debe, nayo ni desturi nzuri, lakini debe lililojaa mabichi hulipwa sawa na debe safi. Mimi naona afadhali kuongeza shilingi chache kwa debe safi. Fedha hiyo hurudi kiwandani wakati wa kuchambua.

Na tusisahau kwamba mashine si vyuma peke yake. Mwaka 1985 watafiti wa kahawa hapa Ruiru walitoa mche uitwao Ruiru 11, unaostahimili ugonjwa wa matunda ya kahawa na kutu ya majani. Aliyepanda SL 28 ajua gharama ya dawa na ya watu wa kunyunyiza, msimu baada ya msimu. Mche huu ulipunguza kazi hiyo sana. Mbona hapakuwa na ugomvi kama wa Kericho? Sababu moja ni hii: mche ulikuwa mali ya mkulima mwenyewe, na shilingi iliyookolewa kwenye dawa ilibaki mfukoni mwake na kutumika kijijini kwake.

CHUKUA KALAMU NA KARATASI

Sasa tupige hesabu yetu wenyewe. Bei nitakazozitaja ni za mfano tu; weka zako mahali pake.

Tuseme mashine ndogo ya petroli ya kupalilia yauzwa shilingi 60,000, nayo itadumu miaka 5. Hiyo ni shilingi 12,000 kwa mwaka, ifanye kazi au ilale. Siku moja ya mashine hufanya kazi ya vibarua 4 wanaolipwa shilingi 500 kila mmoja, yaani shilingi 2,000. Petroli na matengenezo ni shilingi 300 kwa siku, na mwendeshaji hulipwa shilingi 600. Kila siku ya kazi umeokoa shilingi 1,100.

Mkulima wa kwanza ana palizi ya siku 5 tu kwa mwaka. Ameokoa shilingi 5,500, na mashine yamgharimu 12,000. Amepata hasara ya shilingi 6,500, ingawa jirani zake wamwona tajiri.

Sasa wakulima 10 wa namna hiyo wanunue mashine moja. Itafanya kazi siku 50 kwa mwaka na kuokoa shilingi 55,000. Kwa kuwa inatumika sana, tuseme itachakaa kwa miaka 3 badala ya 5. Basi gharama yake ni shilingi 20,000 kwa mwaka. Zinabaki shilingi 35,000, yaani 3,500 kwa kila mkulima. Mashine ni ile ile na mashamba ni yale yale. Kilichogeuza hasara kuwa faida ni kumiliki pamoja. Wakulima wengi wa skimu, tangu mpango wa eka milioni moja ulioanza mwaka 1962, walipata vipande vya ardhi iliyokuwa shamba moja la mtu mmoja. Shamba liligawanyika, lakini trekta haligawanyiki.

Wengi huishia hapo na kufunga daftari. Mimi nilifundishwa ualimu kabla ya kuwa karani, na mwanafunzi aliyeacha hesabu katikati sikumpa alama. Tuendelee.

Hapo kwanza siku zile 50 zilileta ujira wa shilingi 100,000 kwa vibarua. Sasa mwendeshaji hupata 30,000. Vijana wa kijijini wamepungukiwa shilingi 70,000. Zimekwenda wapi? Shilingi 35,000 ziko kwa wakulima 10. Shilingi 20,000 zimekwenda kwa muuza mashine, na 15,000 kwa petroli na vipuri. Nusu ya ujira uliookolewa imebaki kijijini, na nusu imepanda basi kwenda zake.

Hiyo ndiyo hesabu ya Kericho kwa ukubwa wa Mugutha. Tusidanganyane kwamba kijiji kimetajirika kwa sababu tu mashine imenguruma. Kitatajirika kama mambo mawili yatafuata. La kwanza, mavuno yaongezeke, kwa sababu palizi iliyochelewa imefanywa mapema, kabla magugu hayajanywa maji na kula mbolea ya kahawa. La pili, ile mikono iliyoachwa huru ipate kazi nyingine yenye faida. Mambo hayo yasipofuata, tumechukua fedha ya mtoto wa jirani na kuipeleka kituo cha petroli, nasi tumebaki na chenji.

MAONI YANGU

Kwa hiyo nawashauri hivi.

Kwanza, nunueni mashine kwa kazi ambayo mikono haipatikani au huchelewa. Palizi ya masika ni mfano, maana mvua hunyesha kwa wote siku moja na kila mtu hutaka vibarua juma lile lile. Na mashine ikiingia katika kahawa, isichimbe karibu na shina, kwa kuwa mizizi inayolisha mti iko juu juu. Kuchuma kuachiwe mikono.

Pili, mashine iwe ya kikundi au ya chama cha ushirika. Lakini najua jinsi mali ya wote inavyoharibika. Kiwepo kitabu chake, kiandikwe siku, shamba, mafuta na jina la mwendeshaji. Zamu zipigwe kura kabla ya mvua, wala mwenyekiti asiwe wa kwanza kila mwaka. Kila siku ya kazi itoe shilingi kidogo za vipuri, ziwekwe mahali pake. Mashine nyingi hazifi kwa uzee. Hufa kwa kukosa kipuri kimoja ambacho hapana aliyewekewa jukumu la kukinunua.

Tatu, mwendeshaji achaguliwe miongoni mwa vibarua waliokuwa wakipalilia, naye afundishwe vizuri. Msimlete mgeni anayejua kuwasha mashine huku kijana aliyepalilia kahawa yenu miaka sita akisimama kando ya ua akitazama.

Nne, sehemu ya faida irudi kwenye mikono. Katika ule mfano wetu, kila mkulima amebakiwa na shilingi 3,500. Hizo ni ujira wa siku 7. Atumie angalau nusu yake kumlipa mtu kwa kazi ambayo mashine haiwezi: kupogoa, kuondoa machipukizi yasiyotakiwa, kutandaza majani makavu chini ya miti, kuchagua matunda mekundu. Hiyo si sadaka. Ni kazi ambayo huwa tunaiacha kwa kusema hatuna fedha, kisha twalalamika kwamba kilo zimepungua.

Tano, tuwaeleze watoto wetu walioajiriwa haki zao. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 40, yasema mwajiri anayewaachisha watu kazi kwa sababu kazi yao haihitajiki tena lazima atoe taarifa ya muda usiopungua mwezi mmoja, na alipe malipo ya kuachishwa yasiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka mzima uliotumikiwa. Mtu atunze barua yake ya kuajiriwa na karatasi zake za mshahara. Ninajua vilevile kwamba kibarua wa msimu hupata shida kujitetea kwa kifungu hicho, kwa kuwa mara nyingi hana barua yoyote. Hapo naona sheria ina upungufu, na waajiri wakubwa wangefanya vema kutoa taarifa mapema na kufundisha watu kazi nyingine kabla ya kuleta mashine, wala si baada ya kuona moshi.

Wako watakaoniambia kwamba mkulima mdogo hana nafasi ya kufikiria kibarua, maana yeye mwenyewe yu karibu na kibarua. Ni kweli, na kwa sababu hiyo hiyo yampasa afikiri. Mashamba mengi ya kahawa ya Ruiru yamegeuzwa viwanja vya nyumba, na kazi za msimu huko zimepungua. Kijana asiyepata siku moja ya kazi hapa Mugutha haondoki akatoweka. Hukaa njia panda, na taabu yake hurudi usiku nyumbani kwetu sote.

Wazee husema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mashine ni mgeni. Tumpokee, tumwonyeshe mahali pa kulala na kazi ya kufanya, lakini asiwe ndiye anayetugawia chakula katika nyumba yetu.

Katika mkutano ujao wa chama chenu, kabla hamjapiga kura ya kununua chochote chenye injini, mtu mmoja asimame aulize mambo matatu, na majibu yaandikwe: Itafanya kazi siku ngapi kwa mwaka? Itakuwa ya nani? Na wale iliowaondoa watafanya kazi gani? Kama hakuna mwenye jibu la swali la tatu, ahirisheni ununuzi mpaka lipatikane. Mali bila daftari huisha bila habari, na watu nao ni mali ya kijiji.

Karani, Ofisi ya Kilimo